Madirisha ya Afande Bakhit

Soko la Jinja lilikuwa limefurika. Nulu, mwalimu wa chekechea kule mlima Wanale, juu ya Mbale, amevaa gauni la gomesi la manjano na mtandio mweupe, alikuwa akibishania bei ya turubai la kuwafunika wanafunzi wake wasio na darasa.

"Mwalimu, turubai ya Wanale? Mvua ya Mbale itapasua," alisema mwanamume aliyevaa kaki iliyonyooka kwa pasi. "Naitwa Bakhit, fundi wa magereza huko Mbale. Najenga na matofali ya udongo ya kushindilia. Hakuna kuchoma kwa kuni, miti inabaki. Kabla ya mvua, darasa iko tayari."

"Afande, una maneno mingi!"

"Ngoja uone mikono."

Akaiona, akaipenda, na mwenye mikono akampenda pia. Likizo ilimkuta Nulu kwao Mafubira, karibu na Jinja, akimpigia simu kutoka dukani Bakhit aliyebaki akijenga.

"Mpenzi, kuta imesimama!"

"Na madirisha?"

"Safi. Hata mwizi hawezi kupita."

Nulu akacheka. Laiti angeuliza zaidi!

Aliporudi, alikuta darasa zuri lenye ubaridi, likinukia udongo. Lakini madirisha yalikuwa madogo, juu ya kichwa chake.

"Bakhit, hii ni selo!"

"Mtoto akiona nje, akili inatoroka."

"Inatoroka kwenda wapi? Hawa si wafungwa yako!"

Bakhit, aliyeshindilia matofali hadi viganja vikavimba, aliumia. Akatupa mwiko. "Tafuta fundi ingine. Na mchumba mwingine!"

Hasira hasara. Nulu alipiga simu magereza.

"Afande Bakhit hayuko," ikajibu sauti.

"Bakhit, hiyo ni sauti yako!"

Simu ikakatwa. Nulu alitamani kuing'ata.

Shule ilipofunguliwa, watoto waliingia, wakatazama juu, wakaangua kilio. Akawatoa. Mvua ikaanza, nao wakajibana nje, chini ya ukingo wa paa. Bakhit alikuja kuchukua mashine yake ya matofali, akawakuta wamelowa kando ya ukuta wake. Akaingia ndani peke yake, akapiga magoti hadi kimo cha mtoto.

"Nulu," aliita. "Sioni hata mlima."

"Si ndiyo nilikuambia?"

"Macho yao inafika wapi?"

Nulu akaweka kiganja ukutani, usawa wa kiuno. Bakhit akachora mstari kwa chaki, akachukua nyundo.

"Na nyumba yetu?" aliuliza bila kugeuka.

"Bado nimekasirika."

"Najua."

"Baba yuko Mafubira. Nenda useme naye. Lakini nyumba hiyo, madirisha nitapima mimi."

Bakhit akapiga nyundo. Tofali likaanguka, na vichwa vya watoto vikajaa kwenye tundu.