Ufa Chini ya Mpira

Kila jioni ya kuamkia gulio, Raya alikuwa na kazi moja ambayo hakupewa mtu mwingine yeyote nyumbani kwao Kinole. Alikagua usukani wa baiskeli ya mjomba wake, Mzee Mansuri. Alibana gurudumu la mbele katikati ya magoti, akashika usukani kwa mikono miwili na kuulalia kwa uzito wake wote, huku ametega sikio.

Mjomba mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Masikio yake yalikuwa yamekuwa mazito kwa umri, na baiskeli mbovu hulia kabla ya kuvunjika.

"Usukani unese kidogo," alimwambia. "Ukiwa mgumu kama mtaimbo, mawe ya njia hii yatakumaliza mikono. Lakini shingo inayoushika, hii hapa, isinese hata chembe. Ukisikia inalia, niambie."

Raya alikuwa darasa la sita, na aliionea fahari kazi hiyo kuliko hata nafasi yake ya tatu darasani.

Ijumaa moja alitumwa maji. Kwa kawaida alifunga madumu mawili kwenye keria ya baiskeli hiyo, akayapeleka nyumbani, kisha akalirudia la tatu. Siku hiyo wenzake walikuwa wakimsubiri wacheze rede, naye akajiona mjanja. Dumu la tatu akalining'iniza kwenye usukani, upande wa kushoto, akaanza kuikokota baiskeli.

Hakufika mbali. Tairi la mbele liligonga jiwe, dumu likayumba, na shingo ya usukani ikalia, "Kak!"

Raya alitua mzigo haraka. Usukani ulikuwa umelala kushoto. Alipoulalia, ulinesa kuliko siku zote na haukurudi vizuri mahali pake. Kwenye shingo palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Leo mjomba ataniua," alisema.

Rafiki yake Mwaisha, aliyekuwa nyuma na ndoo kichwani, aliinama akatazama. "Aa, si ufunge mpira wa tyubu tu? Nani atajua?"

Ushauri wenyewe ulikuwa mtamu. Kijijini kwao kila kitu kilifungwa mpira wa tyubu: mpini wa jembe, mguu wa benchi, hata redio ya mwenyekiti. Mpira mmoja zaidi ungemshtua nani? Raya aliuviringisha juu ya ufa, akakaza, akapiga fundo. Kusema kweli, ulipendeza.

Asubuhi ya gulio mjomba alifunga mikungu mitatu ya ndizi kwenye keria.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekagua?"

"Ndiyo, mjomba."

"Ahsante."

Yakaishia hapo. Mjomba hakuukagua usukani wala hakuuliza mara ya pili. Aliisukuma baiskeli kupanda kilima kifupi kilichokuwa mbele ya nyumba. Baada ya kilima hicho kulikuwa na mteremko mkali wenye kona, na korongo upande mmoja.

Raya alichukua fagio. Alifagia sehemu ileile mara tatu. Alijua jinsi mjomba anavyoteremka: hukamata breki na kuuegemea usukani, na uzito wake wote pamoja na wa ndizi huja mbele. Aliona haya kusema. Kisha akamwona mjomba akilini, yuko chini korongoni, na haya yote ikamtoka. Alitupa fagio.

"Mjomba! Mjomba, simama!"

Mjomba hakusikia. Raya alikimbia peku juu ya mawe, pumzi zikimkata. Alimkuta kileleni, ameshavusha mguu. Aliikamata keria kwa mikono miwili, nusura waanguke wote na ndizi zao.

"Kulikoni?" mjomba aliuliza.

"Shingo ina ufa!"

"Ina nini?"

"Ina ufa, mjomba! Niliivunja mimi kwa dumu la maji! Nikafunga mpira ili usione!"

Ilibidi apige kelele ili mjomba asikie, na akina mama waliokuwa wakienda gulioni wakageuka wote kumtazama.

Mjomba alitua mikungu chini na kufungua fundo la mpira. Alibana gurudumu kwa magoti, akaulalia usukani. Shingo ikakatika. Usukani ulibaki mikononi mwake, waya za breki zikining'inia. Aliutazama mteremko, akautazama usukani, kisha akakaa kwenye majani. Raya aliangua kilio.

"Nyamaza, unisikilize," mjomba alisema. "Kuning'iniza dumu ni utoto, hata mimi niliwahi kufanya. Chuma kikiharibika, dukani kipo kingine. Shuleni mnaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe hukuuziba, uliuficha. Ufa ulio wazi ningeuona, nisingepanda. Mwanangu, nikikuuliza kama umekagua, wewe ndiye masikio yangu. Masikio yangu yakinidanganya, nimwamini nani?"

"Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe. Umekosa, lakini umekimbia ukaniwahi, na kwa hilo niko hai. Kosa likisemwa mapema hutengenezeka. Sasa jitwishe mkungu mmoja, twende."

Raya alibeba mkungu kichwani hadi gulioni, shingo ikimuuma, huku mjomba akiikokota polepole baiskeli na mikungu miwili, na hakulalamika hata mara moja. Huko fundi Athanas aliifunga baiskeli shingo mpya.

Ijumaa iliyofuata mjomba alimkuta amebana gurudumu kwa magoti, ametega sikio.

"Umekagua?"

"Nimekagua, mjomba. Shingo hainesi wala hailii." Raya akaonyesha gurudumu la nyuma. "Lakini breki ya nyuma imelegea. Niliichezea mimi."

Mzee Mansuri alicheka, akaingia ndani kutafuta spana.