Nilizaa Mimi Pia, Nani Aliniletea Maziwa?

Nina umri wa miaka thelathini na saba, nimeolewa, naishi Kabeza na nafanya kazi katika ofisi moja ya serikali huko Kacyiru. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi kutoka huku tunakoishi sasa, ndiyo maana Kiswahili ndiyo lugha ninayolia kwayo mpaka leo.

Nayaandika haya nikiwa na hasira. Msinishangae. Nimechukua muda mrefu kuipata hasira hii, na siirudishi!

Mimi ni mtoto wa kwanza. Mama alituambia mkimbizi hapewi nafasi ya pili, hivyo ukurasa ukiwa na kosa moja niliuandika upya wote. Nikakua hivyo. Nguo zimenyooka, ripoti hazina doa, na sherehe za ukoo mzima nazipanga mimi. Familia ya mume wangu Eric ilinipenda kwa hilo. Mama mkwe, ambaye alikulia Uganda, aliwaambia wageni kwa Kiswahili chake cha Kampala, "Huyu Solange yangu haikosei. Hata mvua iko namuogopa!"

Wageni wanacheka. Nami navimba kichwa... Sikujua kwamba ile sifa ilikuwa kamba.

Mwaka juzi nilibeba mimba yangu ya kwanza, baada ya kuisubiri miaka mingi. Ilipofika mwezi wa nane, mtoto akaacha kucheza. Hospitali walitafuta mapigo ya moyo wake, wakatafuta tena, kisha daktari akakizima kile kifaa taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Nilimzaa. Naomba mlisome neno hilo vizuri. Nilimzaa kwa uchungu uleule anaozalia kila mama. Alikuwa msichana. Walinikataza kumwangalia, eti nitaota vibaya. Nikaona mguu mmoja tu, umetokeza nje ya kitenge. Eric na baba yake mdogo wakamchukua, wakamzika Gahanga, kwenye shamba la mama mkwe, nami nikiwa bado kitandani.

Hapakuwa na msiba. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya nane, na huyu hakuifikia hata siku ya kwanza, basi watu walimhesabu kama hakuja. Waliokuja kuniona walisema neno moja tu: komera. Jikaze. Komera, Solange! Komera, mama! Nililisikia mpaka likawa kama kokoto kiatuni.

Nani angenikataza kulia? Hakuna. Ila hakuna aliyeniuliza kama nimelia.

Mtu mmoja tu aliuliza. Josiane, rafiki yangu, aliyekuwa akiongoza kikundi cha uponyaji wa wanawake kanisani kwetu. Hakusomea kazi hiyo, lakini alikuwa na sauti laini na alijua kushika mkono. Alifunga mlango wa chumba cha maombi, akasema, "Dada yangu, mwaga yote. Hapa ni mimi, wewe na Mungu."

Nikamwaga. Nikamwambia hata jambo ambalo Eric hakulijua: nilikuwa nimempa mtoto jina. Kimyakimya, kitandani, nilimwita Keza. Josiane akalia pamoja nami. Kisha akanipa ushauri: "Usikae bure. Kazi ni dawa."

Dawa ikaja haraka. Wifi yangu Diane alikuwa anaposwa, na mama mkwe akanipigia simu. Nani angepanga sherehe kama si mimi? Mwezi haukuwa umeisha tangu nizae. Nikasema ndiyo. Mtu asiyekosea atasemaje hapana?

Basi nikapanga. Mahema, viti, nyimbo, mavazi ya wasichana. Na mimi mwenyewe, nikiwa nimevaa mushanana, lile vazi letu la sherehe la kutupia begani, ndiye niliyebeba kibuyu cha maziwa kwenda kuwapa wazee waliokuja kuposa. Nilikuwa katikati ya uwanja, watu wote wananitazama, mtoto mchanga wa mgeni mmoja akaanza kulia...

Na maziwa yangu yakatoka!

Yakatoka yenyewe. Mwili haukuwa umeambiwa kwamba mtoto hayupo. Nikayahisi yakishuka, kitambaa kikilowa kifuani, nami nimeshika maziwa ya ng'ombe mikononi, natabasamu. Mama mkwe aliona. Alinisogelea, akavuta ile nguo ya begani akaifunika sehemu iliyolowa, akaninong'oneza, "Komera. Wageni iko naangalia."

Nikakomera. Nikamimina maziwa bila kudondosha tone. Wote wakasema sherehe ilifana. Habari ya maziwa yangu nilimweleza Josiane peke yake.

Wiki chache baadaye ikawa Jumapili ya akina mama kanisani. Nilikaa na Eric, mama mkwe yuko safu ya mbele. Josiane akapewa kipaza sauti atoe ushuhuda kuhusu kikundi chake. Nikasikia anasema, "Kuna dada yetu hapa, alimzika Keza wake, na mwezi haujaisha akasimama kuhudumia wageni wa posa! Hata maziwa ya kifua hayakumzuia! Huyo ndiye mwanamke wa nguvu. Solange, simama tukuone!"

Keza wangu... kwenye spika! Jina nililolificha kama kaa la moto kiganjani!

Mnadhani nilifanya nini? Nilipiga kelele? Nilitoka? Hapana. Nilisimama. Nikatabasamu. Nikapunga mkono! Na kanisa zima likanipigia makofi.

Ndivyo ugonjwa huu ulivyo, wapenzi wasomaji. Mtu anakuchana kidonda hadharani, nawe unachojali ni kutabasamu vizuri.

Tulipofika nyumbani, Eric hakuvua hata viatu. "Keza ni nani?" akauliza, ingawa alikwisha kujua. Kisha akasema, "Mimi nilimbeba mwanangu kwa mikono hii, nikamfukia bila jina. Jina lake nalisikia kwa spika? Pamoja na watu wanaosubiri matangazo?"

Alihamia kwa mama yake Gahanga. Josiane nilipompigia alinijibu kwa upole uleule, "Dada, mbona unakasirika? Nilitaka kumpa Mungu utukufu. Na watu wamekusifu!"

Wamekusifu... Jamani! Hivi mtu akikuibia kisha akakuvisha taji, si mwizi?

Nikaendelea kwenda kazini nikiwa nimenyooka kama rula. Mpaka asubuhi moja bosi aliponirudishia ripoti kwa sababu ya kosa dogo, tarehe ilikosewa. Pumzi ikanikatika palepale. Mikono ikafa ganzi, nikajua ni moyo, nakufa. Wenzangu wakanikimbiza kliniki. Daktari akanipima, akasema moyo wangu ni mzima, kilichochoka ni mwenye moyo. Akanielekeza kwa mshauri nasaha, mama mmoja wa makamo aliyesomea kazi hiyo.

Hebu niwaeleze taratibu, kwa sababu wengi wetu tunaogopa tusichokijua. Pale hupewi kidonge, hulazwi, na hakuna anayekuita mwendawazimu. Ni viti viwili na muda wako. Kabla sijasema lolote, yule mama aliniambia, "Utakayosema yanabaki hapa. Nitavunja siri hiyo kwa jambo moja tu, kama maisha yako au ya mwingine yako hatarini. Na hilo pia nitakwambia kwanza." Josiane hakuwahi kunipa ahadi kama hiyo. Nami sikuwahi kuiomba.

Nikaanza kusimulia, nimeyapanga: kwanza hiki, pili hiki, hitimisho. Akanisikiliza, halafu akauliza, "Solange, haya majibu unayaandaa vizuri sana. Nani atakuja kuyasahihisha?"

Nikacheka. Kicheko kikageuka, nikalia kilio ambacho sikuwahi kukilia, cha makamasi na kwikwi, kilio kibaya kabisa! Hakusema komera. Alisogeza tishu tu.

Safari haikuwa ya siku moja. Alinipa mazoezi ya ajabu, kwa mfano kufanya kitu kimoja vibaya kwa makusudi. Nikawapa wageni chai katika vikombe visivyofanana. Nikasubiri waseme. Hakuna aliyekufa. Mmoja akaomba aongezewe sukari, basi.

Nilimpigia Eric, nikamwomba aje tumwone yule mama pamoja. Alikuja mara moja akiwa amenuna, kisha akaja tena bila kuombwa.

Halafu Diane akajifungua. Mama mkwe akaja Kabeza mwenyewe, akishangilia. Mnajua desturi yetu ya guhemba: mwanamke akizaa, ndugu humletea maziwa na uji ili apate nguvu. "Solange yangu," akasema, "utapanga wewe. Nani mwingine? Wewe iko haikosei."



"Mama, hapana."

Akadhani hakusikia vizuri. Nikamwambia tena, na safari hii sauti yangu ilisikika mpaka dukani kwa jirani. "Hapana! Mimi pia nilizaa, mama. Nilizaa! Nani aliniletea maziwa? Mlinipa kibuyu nikawanyweshe wageni, na mimi nalowa!"

Alisimama, akafunga kitenge chake, akaondoka bila kuaga. Hajanipigia simu mpaka leo. Inaniuma, lakini sijaifuta ile hapana.

Jumamosi iliyofuata Eric, aliyeyasikia hayo kwa mama yake, alikuja kunichukua. Njiani alisimama kwenye duka la maziwa, akatoka na jagi limefunikwa. Tukaenda Gahanga, nyuma ya migomba, akanionyesha mahali alipomzika. Udongo ulikuwa umeota majani. Akaita kwa sauti, "Keza." Ilikuwa mara yake ya kwanza. Kisha akanimiminia kikombe, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Nimechelewa," akasema. "Lakini ni yako."

Niliyanywa yote. Yalinimwagikia kifuani, sikuyafuta.

Dada zangu, nawasihi. Ukitafuta wa kumweleza maumivu yako, usitazame ulaini wa sauti yake. Muulize kwanza: siri yangu utaiweka wapi? Akikosa jibu, inuka uondoke. Usiogope kuanza, hata ukianza vibaya. Mimi nilianza kwa kutaka maksi mia, na bado nilipokelewa.

Na ninyi mnaopenda kupiga makofi... Mkimwona mwanamke aliyefiwa na mtoto akibeba sinia la wageni, msimsifu kwa nguvu zake. Mpokeeni hilo sinia. Mkalisheni. Mpeni maziwa anywe.