Shangazi Aliyeagwa Kabla ya Safari

Kila asubuhi kabla ya shule, Yasmina alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kukunja sambusa na shangazi yake Mwantum, uani kwao katika mtaa wa Buyenzi, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Ya pili ilikuwa kuongea. Ile ya kwanza aliifanya vizuri. Ile ya pili aliifanya kupita kiasi, maana msichana huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa na mdomo usiojua likizo.

Asubuhi moja mawazo ya shangazi yalikuwa mbali. Aliziba sambusa bila kutia nyama ndani, akaitazama, kisha akacheka peke yake.

"Shangazi, leo uko wapi?" Yasmina akauliza.

"Niko Mpulungu."

Mpulungu ni mji wa Zambia, kusini kabisa mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka uliopita shangazi alikwenda huko kumtembelea rafiki yake Daphrose.

"Nilizunguka soko lote nikitafuta sambusa, sikuona hata moja," shangazi akasema. "Nikasimama pale katikati, moyo ukaniambia: Mwantum, hapa ndipo. Mpaka leo haujanyamaza. Nikikanda unga, unaniambia. Nikilala, unaniambia. Lakini naogopa, mwanangu. Ni inchi ya wenyewe, na Kiingereza sikijui. Usimwambie mutu, umesikia? Bado najiuliza."

"Mi? Apana, shangazi! Simwambii mutu."

Na kweli hakumwambia mtu. Alimwambia Loïc tu, rafiki yake wa darasani. Loïc alimwambia mama yake tu. Mama yake Loïc naye alilitaja jambo hilo mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni kwenye bomba la maji. Kufikia jioni, shangazi hakuwa tena mtu anayefikiria safari. Alikuwa mtu anayeondoka Jumamosi.

Sasa, watu wa Buyenzi hawamwachi jirani aondoke hivihivi. Msafiri lazima asomewe dua, ale na wenzake, apewe cha kubeba. Ijumaa baada ya sala ya alasiri, shangazi alisikia hodi. Alipofungua mlango aliona sufuria ya pilau, na nyuma ya sufuria, mtaa mzima.

Alidhani wamekosea nyumba. Kabla hajauliza, mikeka ilikuwa imeshatandikwa, na Mzee Radjabu, fundi wa magari, alikuwa ameinua mikono akiomba Mungu amkinge msafiri na ajali za barabarani, mawimbi ya ziwa na askari wa mpakani.

"Amina!" watu wakaitikia. Shangazi naye akaitikia kwa nguvu, akidhani anaombewa mtu mwingine.

Ndipo Mzee Radjabu akamgeukia, machozi yakimtiririka. "Mwantum, binti yetu, sasa sambusa tutakula za nani?"

Shangazi alifungua mdomo ili aseme kweli. Lakini palepale akakabidhiwa blanketi, kisha chupa ya chai, kisha bibi mmoja akamwekea mapajani kuku mzima, hai, wa kula njiani. Utasemaje kwamba huendi popote, nawe umeshika kuku wa watu? Akasema, "Asanteni sana." Yasmina, aliyekuwa akigawa sahani, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumamosi shangazi alijifungia ndani. Jumapili mafuta ya kupikia yalimwishia, akatoka amejitanda khanga mpaka machoni. Mzee Radjabu alikuwa chini ya gari. Alipoitambua ile sauti ikisalimia, aliinuka haraka akajigonga kichwa.

"Mwantum! Bado uko hapa?"

"Bado, Mzee."

"Alors, unaondoka lini? Mi nimeshalia! Mutu wa umri wangu utamuliza mara ngapi?"

Tangu hapo shangazi hakutoka tena. Sambusa hazikukaangwa, wateja wakahamia kwingine, na aliyefurahi pale nyumbani alikuwa kuku peke yake. Siku moja Yasmina akamsikia shangazi akimwambia Daphrose kwenye simu, "Nimeacha. Moyo wangu ulinidanganya. Kesho narudishia watu vitu vyao."

Maneno hayo yalimchoma Yasmina. Kosa lilikuwa lake, lakini ndoto iliyokuwa ikifa ilikuwa ya shangazi. Akaingia ndani akilia.

"Shangazi, ni mi nilisema. Nilimwambia Loïc. Unipige kama unataka, lakini usiache safari ju ya mudomo yangu."

"Siri ile nilimwambia mutu mumoja tu duniani," shangazi akajibu. "Ulifikiri nilimshuku kuku?"

"Umenisamehe?"

"Bado. Kaa kwanza." Shangazi alikuwa ameshika lile blanketi, amelikunja nusu. "Nakunja hili nilirudishe, mikono inakataa. Nilifikiri nitaona aibu, kumbe naona huzuni. Kama moyo ulikuwa unanidanganya, mbona naumia hivi?"

Akalitupa blanketi kitandani na kusimama.

"Bon. Nitaenda! Lakini nitaenda nikiwa tayari, si Jumamosi ya mama yake Loïc. Na we, Yasmina, sikiliza. Moyo wako ukikuambia jambo, usikilize. Moyo wa mwenzako ukikuambia jambo, funga mudomo."

Kisha akamtuma nyumba kwa nyumba akaseme ukweli na kuomba radhi. Wengine walicheka, wengine walinuna kwa ajili ya pilau yao. Hakuna aliyetaka kurudishiwa kitu, isipokuwa mwenye kuku.

Miezi iliyofuata shangazi alijiandaa kwelikweli. Alishughulikia pasipoti, akamwomba Daphrose amtafutie chumba karibu na soko, na kila jioni Yasmina akamfundisha Kiingereza alichokipata shuleni. Hatimaye akaondoka.

Wiki mbili zikapita bila habari, kisha simu ikalia.

"Shangazi! Zinauzika?"

"Wiki ya kwanza mteja alikuwa Daphrose tu, naye nilimlazimisha. Watu walipita hawazitazami mara mbili. Basi nikaamka mapema zaidi, nikatoa nyama, nikatia ndagala, samaki wadogo wa ziwa letu, maana huku wanawapenda sana. Nikasimama sokoni nawaonjesha watu bure mpaka miguu ikavimba. Leo zimeisha kabla ya adhuhuri."

"Kumbe ile wiki ya kwanza moyo ulikudanganya?"

"Apana, mwanangu. Moyo ulinionyesha mji. Haukuniahidi kunikaangia sambusa. Hiyo ni kazi yangu, na nikiikimbia, nisije nikasingizia moyo. Haya, niache sasa, mafuta yamechemka."