Usifumue Tena

Kila asubuhi Zuleha wa Makorora hukaanga vitumbua, hufagia uwanja, kisha hukaa kizingitini na sindano. Anashona mtoto wa bandia. Kitambaa ni gauni la Idi la marehemu binti yake, Asmahani.

Asmahani alikufa kwa malaria miezi miwili iliyopita. Alikuwa na miaka tisa. Mdogo wake, Hafsa, ana miaka sita. Tangu siku ya mazishi Hafsa hajasema neno. Hachezi, na chakula anakigusagusa tu. Zuleha anatumaini mtoto wa bandia atamfungua kinywa.

Lakini jamani, hammalizi! Uso ukienda upande, anafumua. Mguu ukiwa mfupi, anafumua. Anataka afanane na Asmahani hasa.

Siku moja jirani yake Dorkasi, fundi cherehani, alipiga hodi.

"Karibu, Mama Luka," Zuleha alisema.

Dorkasi alikishika kile kitambaa, akakiinua juani. Kilikuwa na matundu kama chujio.

"Mama Asma, unafumua tena? Kitambaa kikuukuu kikitobolewatobolewa hakishiki uzi. Ukifumua mara moja zaidi utabaki na nyuzi tupu."

"Lakini hafanani naye!"

"Hatafanana naye, mwenzangu. Hata ukishona mpaka mwakani."

Zuleha alilia. Dorkasi alimwacha alie, kisha akamwonyesha.

"Palipotoboka, weka kiraka kwa ndani. Shona mbali kidogo na ukingo. Mguu mfupi uache hivyo hivyo. Mtoto anataka kitu cha kukumbatia, hataki picha."

Alasiri kazi iliisha. Mdomo ulikwenda kombo. Zuleha aliona hata aibu kumtoa. Hafsa alimpokea kimya, akaenda naye nyuma ya mlango. Muda si muda, Zuleha akasikia sauti.

"Dada, nisamehe. Sitakwambia tena kafie mbele."

Kumbe ndilo hilo! Wiki moja kabla ya msiba wasichana hao waligombea kitana. Hafsa akasema, "Kafie mbele!" kama watoto wote wanavyosema wakigombana. Masikini, neno hilo amelibeba peke yake miezi miwili!

Zuleha alimpakata.

"Mwanangu, neno lako halikumuua. Malaria ilimuua. Alikuwa na homa siku tatu. Mimi nikawa nampa vidonge vya maumivu, nasema itapoa. Ilitakiwa nimpeleke kupimwa siku ya kwanza. Kosa ni langu, si lako."

Hafsa alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Walilia wote wawili.

Mwezi uliofuata Hafsa alichemka mwili. Zuleha hakungoja. Saa ile ile alimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimtoboa kidole, akampima damu. Malaria ilionekana mapema, akapewa dawa.

Kabla hawajatoka, Hafsa alimnyooshea muuguzi yule mtoto wa bandia.

"Na huyu mpime," alisema. "Yeye alichelewa."