Mahari ya Mguu wa Chelagat

"Hii gari ya mchumba wako, tukigongwa na mtu hana bima, nani atalipa hospitali?"

Chelagat, Mkenya jirani yake Honorata pale Gaithersburg, Marekani, aliuliza hivyo kabla hajapanda siku ya kwanza. Honorata akamjibu kifua mbele kwamba Festus kamhakikishia: basi lake dogo la kupeleka wahudumu wa wazee kazini lina bima kamili, hata ya kugongwa na asiye na bima. Kila alfajiri Honorata ndiye aliyesali mlangoni mwa basi, wahudumu wenzake wakapanda wakisema amina. Walimwamini yeye, si Festus.

Mwezi wa pili wa safari hizo wakagongwa barabara ya 270. Aliyewagonga hakuwa na bima hata ya baiskeli. Honorata akatoka na michubuko. Mguu wa Chelagat ukavunjika sehemu tatu.

Jumapili hiyo Festus alimwita Honorata kwake, akampa bahasha. Akambembeleza ampelekee Chelagat fomu ya bima asaini, apokee hicho kidogo kinacholipwa, mambo ya wakili ayaache.

"Wewe atakusikiliza, Hono. Mwambie ni mapenzi ya Mungu."

Honorata akapekua. Chini ya fomu Festus alikuwa amesahau karatasi nyingine ya kampuni ya bima. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini sahihi na tarehe havikumpiga chenga. Festus mwenyewe ndiye aliyeomba bima ya abiria ishushwe hadi kiwango cha chini kabisa, ili alipie kidogo.

"Machi tisa, Festus."

"Nilibanwa."

"Machi kumi na mbili ulituma mahari kwa baba. Mama alipiga vigelegele kwenye simu."

"Si unaona? Nilifanya kwa ajili yako."

"Mahari yangu umeikata kwenye mguu wa mwenzangu, halafu Mungu ndiye unamsingizia?"

"Mimi sikumgonga mtu."

"Aliyetugonga hatumjui. Wewe tulikuita kaka."

Simu ikalia. Ujumbe wa Chelagat: "Honorata, hapa hospitali wanauliza bima ya gari. Niwaambie nini?"

Honorata akaandika, Festus akichungulia: "Haitoshi. Festus aliipunguza mwenyewe, karatasi ninayo. Usisaini kitu. Nakuja, kesho twende kwa wakili."

"Ukituma hiyo, harusi hakuna."

Akaituma. Akavua pete, akaiweka kando ya sahani ya wali ambao hakuugusa. Festus akaanza kumkumbusha kadi zimeshagawiwa, ukumbi umeshalipiwa, watu watasema nini. Honorata akavaa koti, akaibana bahasha kwapani, akatoka.