Kitunguu Kisicho na Harufu

Mzee fundi saa alikutwa saa saba mchana amelalia meza, kijiko bado kiko mkononi. Mbele yake palikuwa na uyoga wa porini na vitunguu vya porini, vimeliwa nusu. Mlangoni sanduku lake lilikuwa limeshafungwa kamba.

"Sumu," alisema daktari wa polisi.

"Uyoga huo, afande," akadakia konstebo. "Uyoga wa porini hauna adabu."

Inspekta alizitazama sahani mbili mezani, ya marehemu na ya dada yake. Yeye miaka yote alikula peke yake, na meza yenye sahani mbili ilimtia wivu, hata hii.

Dada wa marehemu alikuwa jikoni, mikono mapajani.

"Uyoga alichuma nani, mama?"

"Yeye. Jicho la fundi saa halikosei. Kila mmoja anaugeuza, anatazama mpaka chini."

"Na wewe umekula?"

"Nimekula. Si mzima mimi?"

Kweli, sahani yake haikuwa na uyoga hata mmoja. Vitunguu ndivyo vilivyosukumwa pembeni, vyote. Maskini uyoga, umesingiziwa bure.

"Vitunguu je?"

"Mimi. Siku zote mimi."

"Kwa nini?"

"Pua ya kaka yangu ilikufa tangu ile homa. Uyoga unaujua kwa macho. Kitunguu cha porini kina mwenzake mwenye sumu, wamefanana majani mpaka mizizi. Huwatambui mpaka unuse."

Inspekta akachukua kimoja kikapuni, akakivunja, akanusa. Hakikuwa na harufu yoyote. Akampa konstebo akipeleke maabara.

"Mama, pua yako wewe nzima?"

Mama akaanza kulia.

"Alikuwa anahamia kwa binti yake. Miaka thelathini namtengea chakula, leo ananiambia, 'Dada, utazoea.' Nizoee nini? Kuongea na kuta?"

"Ukamuua."

"Nilitaka augue tu. Tumbo limsokote, safari imponyoke, nimuuguze. Niliweka viwili. Nikaona vichache, nikaongeza."

"Kikulacho ki nguoni mwako," konstebo alinong'ona.

Inspekta alitoa pingu, akazirudisha mfukoni. Alimhurumia, na hakupenda kumhurumia.

"Twende, mama."

"Huko mahabusu," aliuliza akifuta macho, "chumba kimoja tunalala wangapi?"

"Kumi. Wakati mwingine kumi na wawili."

Mama akachukua sweta yake, akatangulia mlangoni.