Maji Chini ya Balatum

Nyumba za mtaa wa Kapata zilijengwa mbili mbili. Ukuta mmoja unagawa familia mbili. Mtu akikohoa chumbani, jirani anampa pole asubuhi.

Upande mmoja alikaa Tata Mathieu Mukalay na mke wake, Mama Joyeuse. Tata Mukalay alikuwa karani katika kampuni ya madini miaka thelathini na moja. Sasa amestaafu, lakini bado anapiga pasi shati lake kila siku. Upande wa pili alikaa Mama Mbuyu, mjane anayeuza unga wa mahindi sokoni. Aliishi na mama yake mzazi, mzee sana. Watu wote wa avenue, ile barabara yao, walimwita Nkambo, yaani Bibi.

Mwaka jana Jémima, binti wa Tata Mukalay anayefanya kazi Lubumbashi, aliwatumia wazazi wake mashini ya kufua nguo. Ilikuwa nyeupe, mpya, yenye mlango wa kioo.

"Tuiweke nyuma, karibu na jiko," alisema Mama Joyeuse. "Kule kuko robine ya maji, na mufereji iko karibu."

"Nyuma?" alishangaa mume wake. "Mutoto ametuma kitu ya namna hii, wee unataka kuificha sawa sufuria ya kuungua? Itakaa mu salon. Bageni baione."

Basi mashini ikakaa salon, yaani sebuleni, pembeni ya kabati la sahani. Ilisimama juu ya balatum mpya, ile plastiki nene ya maua inayotandikwa sakafuni. Mama Joyeuse aliifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma. Mpira wa kuleta maji ulitoka kwenye robine ya jikoni, ukapita nyuma ya viti. Mpira wa kutoa maji machafu ulipita dirishani. Siku za Jumamosi wageni walikuja kuitazama ikizunguka. Mwalimu mmoja alikaa dakika arobaini mbele yake, kama mtu anayeangalia mechi.

Miezi ikapita. Siku moja Mama Joyeuse aliona maji kidogo chini ya mashini. Akayapangusa. Jumamosi iliyofuata akayaona tena. Hakumwambia mume wake. Angemwambiaje? Mume alikuwa ameisifu mashini hiyo mpaka sokoni. Akaona haya, akanyamaza, akapangusa.

Hakujua kwamba maji aliyoyaona yalikuwa machache. Mengine yalikuwa yameingia chini ya balatum.

Siku moja Mama Mbuyu alipiga hodi.

"Tata Mukalay, unisamehe. Ukuta ya chumba ya Nkambo inalowana, kuanzia chini. Godoro yake imeota ukungu. Kwenu hakuna maji yenye inamwangika?"

Tata Mukalay alikuwa na mgeni. Swali lile lilimchoma.

"Mama Mbuyu, angalia hii salon. Unaona maji wapi? Wee unafuga mabata mu nyumba, kisha unakuja kuuliza maji kwangu?"

"Mabata ni mbili tu, Tata. Na inalala inje."

"Basi uende uiulize hiyo mabata."

Mgeni alicheka. Mama Mbuyu hakucheka. Aliaga kwa heshima, akaenda.

Ingekuwa afadhali mambo yaishie hapo. Lakini Jumapili, kwenye mkutano wa shirika, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa avenue, watu walizungumza juu ya usafi. Tata Mukalay akasimama.

"Kuko batu hapa," alisema, "banamwanga maji ovyo mu nyumba. Ukuta ikioza, banasingizia jirani. Uchafu ni uchafu."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Vichwa vyote viligeuka. Mama Mbuyu aliangalia miguu yake mpaka mwisho wa sala. Jumapili iliyofuata hakuja.

Nkambo naye alianza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kinachopita ukutani. Tata Mukalay alikisikia akinywa chai. Akaongeza sauti ya redio.

Mwishowe Mama Mbuyu alimwita Valérie, fundi wa mabomba. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye buti za mpira na sanduku la chuma la vyombo. Alifunga robine zote za Mama Mbuyu, akakausha ukuta kwa kitambaa, akangoja siku nzima. Ukuta ukalowana tena. Ndipo akaja kugonga kwa Tata Mukalay, na Mama Mbuyu nyuma yake.

"Bonjour, Tata. Mi ni Valérie, fundi. Robine yote ya kwa Mama Mbuyu imefungwa toka jana. Ukuta ingali inalowana. Nataka niangalie huku."

"Huku hakuna kitu."

"Kama hakuna kitu, nitatoka mbio."

Watu wa avenue walikuwa wamesimama kutazama. Tata Mukalay hakuweza kukataa. Valérie aliingia, akapiga magoti mbele ya mashini, akashika ncha ya balatum.

"Acha! Hiyo ni mpya!"

"Ya juu ni mpya, Tata. Tuangalie ya chini."

Akaivuta. Harufu ilitoka kwanza. Kisha wote wakaona. Simenti ilikuwa nyeusi na yenye utelezi. Mstari wa maji ulianza chini ya mashini, ukaenda mpaka ukutani, ukaingia ndani ya ukuta. Nyuma ya ukuta huo ndipo kilipokuwa kitanda cha Nkambo.

Mama Joyeuse alianza kulia.

"Mi nilikuwa naona," alisema. "Toka mwezi wa tatu. Nilikuwa napangusa. Niliogopa kukwambia, juu ulikuwa unaisifu sana."

Masikio ya Tata Mukalay yaliwaka moto. Alitamani Mama Mbuyu amtukane. Mama Mbuyu alitazama tu ule mstari mweusi, kisha akaondoka.

Valérie alichomoa waya wa umeme kwanza. Kisha akafunga robine na kufungua mpira wa maji. Ndani yake alitoa kipira kidogo cha duara, kilichopasuka.

"Huyu njo muizi," alisema. "Anaachilia tone moja, tone moja."

"Basi badirisha hiyo kipira, iishe," alisema Tata Mukalay kwa sauti ndogo.

"Nitabadirisha. Lakini nayo itachoka. Siku ingine mupira yenyewe itapasuka. Kila mashini ya kufua itamwanga maji siku moja, Tata, hata ya tajiri. Ulizo ni moja tu: ile siku, maji itaenda wapi? Hapa ilienda kwa Nkambo."

Tata Mukalay aliinamisha kichwa.

"Tufanye nini?" aliuliza Mama Joyeuse.

"Tuweke plato. Ni sawa beseni ya bati, pana, ya chini. Mashini inasimama ndani yake. Maji ikianguka, inaanguka mu plato. Mu pembe moja tunatoboa kitundu, tunafunga tuyo, inapeleka maji inje."

"Mi nataka ya bila kitundu," alisema Tata Mukalay. "Tutaiweka hapa hapa salon, tutakuwa tunaimwanga sisi wenyewe."

Valérie alimtazama.

"Tata, plato ya bila kitundu itajaa siku yenye hamuko. Kisha itamwangika, na mutarudilia hii hii aibu. Na hapa salon tuyo itatokea mbele ya nyumba, batu bataruka maji kwa kuingia. Mashini iende nyuma, kwenye mama alisema."

Mama Joyeuse alipangusa macho. Hakusema "nilikwambia". Mume wake alisikia hata hivyo.

Valérie alipima mashini. Akaenda kwa fundi wa bati na vipimo vyake: plato ipite upana wa mashini vidole vitatu kila upande, na ukingo wake uwe wa vidole vinne. Siku ya Jumanne alirudi nayo. Kwanza alisawazisha sakafu ya nyuma kwa simenti, na kuilaza kidogo kuelekea pembe yenye kitundu. Akafunga tuyo, bomba dogo la plastiki, kwenye kitundu, akaipitisha ukutani, ikishuka mpaka kwenye mfereji wa nje. Hakuiunga na mpira wa kutoa maji machafu.

"Juu ya nini usiiunge?" aliuliza Tata Mukalay. Sasa alikuwa na daftari mkononi, na aliandika kila kitu.

"Juu mashini inasukuma maji yake kwa nguvu. Ukiviunga, maji chafu itarudia mu plato. Kila moja ipite njia yake."

Kabla ya kuweka mashini, Valérie alimwaga ndoo moja ya maji ndani ya plato, taratibu. Maji yalizunguka, yakapata kitundu, yakatoka nje. Ndipo watu wawili wakainua mashini na kuiweka ndani, miguu yote minne. Valérie aliizungusha miguu hiyo mpaka mashini ikasimama sawasawa bila kutikisika. Mwisho akafunga waya wa umeme juu ukutani, mbali na maji.

"Plato haizuie mashini kumwanga," alisema akikusanya vyombo. "Inaonyesha tu, na inaokoa nyumba. Mukimaliza kufua, mufunge robine. Kila mwezi muangalie mipira. Na mukiona maji inatoka kwa hii tuyo ya plato, mujue kuko kitu kimeharibika. Musipanguse na kunyamaza."

Jioni Tata Mukalay alienda kwa Mama Mbuyu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, nimekuja kuomba musamaha. Ukuta nitaikarabati mi mwenyewe. Godoro nitaleta ingine. Nilikosa."

Mama Mbuyu aliendelea kupepeta unga.

"Tata, siku ile mu shirika, batu balikuwa wangapi?"

"Labda makumi ine."

"Na hapa tuko wangapi?"

Tata Mukalay alielewa. Hakupata usingizi mzuri siku zile. Mara mbili alimwambia mke wake kwamba Jumapili angebaki nyumbani, maana goti lilimuuma. Mama Joyeuse alimpigia pasi shati.

Jumapili Mama Mbuyu alikuja kwenye shirika, akaketi nyuma karibu na mlango. Baada ya sala, Tata Mukalay alisimama. Aliweka mikono nyuma.

"Nilisema hapa juu ya uchafu," alianza. "Batu bote balijua nilikuwa nasema nani. Maji ilikuwa ya mashini yangu. Ilipita chini ya balatum yangu, ikaingia kwa Nkambo, ikaharibu godoro yake, ikamupatia kikohozi. Mama Mbuyu alikuja kuniuliza vizuri, na mi nilimucheka mbele ya mugeni."

"Inatosha, Tata," alisema mwenyekiti kwa huruma.

"Haijatosha. Na yale mabata inalala inje. Nilikuwa najua."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Tata Mukalay alikaa chini. Shati lilikuwa limelowa mgongoni. Mama Mbuyu hakuja kumpa mkono. Lakini wakati wa kutoka, alimwambia, "Kesho uje na simenti. Nitakuwa nyumbani."

Ukuta ulikarabatiwa, ukakauka. Nkambo alipelekwa kwenye kituo cha afya, akapewa dawa, akarudi kulala chumbani mwake. Kikohozi kikaisha.

Mwezi uliopita, Jumamosi, Mama Mbuyu alikuwa anaanika nguo. Aliona maji yakitoka kwenye tuyo ya plato, upande wa jirani.

"Tata Mukalay!" aliita juu ya ua. "Plato yenu inatoa maji!"

Avenue nzima ilisikia. Tata Mukalay alihisi masikio yakiwaka tena. Alikimbia nyuma, akafunga robine, akachomoa umeme. Mpira ulikuwa umepasuka. Alipapasa sakafu nje ya plato. Ilikuwa kavu. Akazunguka mpaka kwenye ua.

"Aksanti, jirani," alisema. "Ukiona tena, uite tena. Uite kwa nguvu."